Mwigizaji na Mitandao ya Kijamii

Karibu kila kijiji kina watu wenye kipaji cha kuigiza. Utawaona kwenye sherehe za shule, kwenye sikukuu na kwenye mikutano ya kijiji. Yupo anayeigiza mlevi mpaka watu wanashika mbavu. Yupo anayeigiza mjane mpaka akina mama wanajifuta machozi kwa khanga. Mchezo ukiisha watu hupiga makofi, kisha kila mtu huenda kwake. Kesho yake mwigizaji anarudi shambani. Watu wa wilaya ya pili hawajui hata kama yupo.

Siku hizi iko njia ya kumfanya ajulikane mbali. Njia hiyo ni mitandao ya kijamii. Somo hili linaeleza jinsi mwigizaji anavyoweza kuitumia ili apate kazi. Linaeleza pia jinsi ya kujilinda, kwa sababu njia ileile inayomleta mwajiri humleta na tapeli.

Hata kama wewe si mwigizaji, soma. Huenda mwanao au jirani yako ana kipaji hicho. Siku moja atakuja kwako na karatasi ya mkataba, akuombe umsaidie kuisoma.

1. Mitandao ya kijamii ni nini?

Mitandao ya kijamii ni sehemu katika intaneti ambako watu hupeana habari, picha na video. Mtu huingia kwa kutumia simu yenye intaneti au kompyuta. Facebook ilianza mwaka 2004, YouTube mwaka 2005, WhatsApp mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010. TikTok ilianza kuenea nje ya China mwaka 2017.

Kila mtumiaji ana akaunti yake. Akaunti ni kama nyumba. Ina jina mlangoni, na ina ufunguo. Ufunguo wake ni neno la siri. Wanaopenda kazi yako huifuata akaunti yako, na hao huitwa wafuasi. Ukiweka video mpya, wengi wao huweza kuiona. Wakiipenda huwatumia wenzao, na hao nao huwatumia wengine. Hivyo video iliyopigwa uani kwako inaweza kutazamwa Mwanza, Mombasa au Muscat siku hiyohiyo.

2. Zamani mwigizaji alijulikanaje?

Zamani waigizaji wengi walijulikana kwa redio. Wasikilizaji wa Radio Tanzania wanakumbuka vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Baadaye zikaja filamu za kanda na za diski. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2012, alipata umaarufu mkubwa kwa filamu hizo.

Lakini njia hiyo ilikuwa nyembamba. Mwigizaji wa mkoani alilazimika kwenda Dar es Salaam. Huko alihitaji mahali pa kulala, chakula na nauli ya kila siku. Alizunguka kwa watayarishaji wa filamu akiomba nafasi. Kama hakuwa na ndugu mjini, mara nyingi alirudi nyumbani bila kuonekana na mtu. Hakukosa kipaji. Alikosa mtu wa kumfungulia mlango.

Mitandao haijaondoa shida zote. Lakini leo mwigizaji anaweza kuonyesha kazi yake kwanza, kabla ya kulipa nauli.

3. Mifano ya watu waliofanikiwa

Mfano wa kwanza unatoka Nigeria. Huko Ikorodu, katika jimbo la Lagos, kikundi cha watoto wa familia moja kilianza kuigiza vipande vya filamu kubwa na video za nyimbo. Kikundi hicho huitwa Ikorodu Bois. Hawakuwa na vifaa vya gharama. Walitumia vyombo vya nyumbani, kama vile toroli, sufuria na mbao. Mwaka 2020 waliigiza tangazo la filamu ya Marekani iitwayo Extraction. Waliotengeneza filamu hiyo waliiona video yao na kuisifu. Baadaye mwaka huohuo kampuni ya Netflix iliwapelekea vifaa vya kupigia filamu.

Mfano wa pili unatoka Kenya. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 uliwafanya watu wengi wakae ndani. Msichana mmoja wa Nairobi, Elsa Majimbo, alikuwa akijipiga video kwa simu yake. Alikula vibanzi vya pakiti, akavaa miwani myeusi midogo, akasema maneno ya kuchekesha juu ya maisha ya kukaa nyumbani. Video zake zilienea Afrika na nje ya Afrika. Mwaka huohuo alipata tuzo ya People's Choice ya Marekani, katika kundi la nyota wa mitandao wa Afrika.

Mfano wa tatu uko hapa kwetu. Kili Paul ni kijana Mmasai wa mkoa wa Pwani. Yeye na dada yake Neema walijipiga video wakifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo na ishara za uso. Walivaa lubega zao, na nyuma yao kulionekana mazingira ya kwao. Mamilioni ya watu wa India waliwapenda. Mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa Kili Paul heshima. Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio.

Tunajifunza nini? Watu hawa hawakusubiri vifaa vizuri. Hawakuficha mahali wanapotoka. Tena hawakuweka video moja wakaacha. Walirudia kazi hiyo mara nyingi, mpaka watu wakawazoea. Lakini tukumbuke kwamba walio wengi hawapati umaarufu wa namna hiyo. Kwa hiyo usiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya umaarufu. Anza na ulicho nacho.

4. Jinsi ya kuanza

Zifuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Chagua jina. Tumia jina moja katika mitandao yote. Liwe fupi na rahisi kuandika. Mtu akikusikia leo, kesho aweze kukutafuta akupate.

Hatua ya pili: Tenganisha kazi na mambo ya nyumbani. Fungua akaunti ya uigizaji. Usiweke humo ugomvi wa ndoa, matusi, wala picha za ulevi. Mwajiri akitaka kukupa kazi, atatazama kwanza akaunti yako. Atakupima kwa yale atakayoyakuta.

Hatua ya tatu: Piga video ya kujitambulisha. Isizidi dakika mbili. Taja jina lako, mkoa wako na lugha unazozijua. Kisha igiza vipande viwili vifupi, kimoja cha huzuni na kimoja cha kuchekesha. Mwongozaji wa filamu anataka kuona uso wako, kusikia sauti yako, na kujua kama unaweza kubadilika.

Hatua ya nne: Angalia mwanga na sauti. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simama ukielekea mlango au dirisha, ili mwanga ukuangukie usoni. Usiupe mwanga mgongo, maana uso utakuwa mweusi. Iegemeze simu mahali imara isitikisike. Epuka upepo na kelele za mashine ya kusaga. Watu husamehe picha yenye kasoro, lakini sauti isiyosikika huwakimbiza.

Hatua ya tano: Weka ratiba. Ni bora video moja kila wiki kwa mwaka mzima kuliko video kumi siku moja kisha kimya. Bando ni ghali, hivyo jipangie. Fanyeni mazoezi vizuri kabla ya kupiga picha. Futa video zilizoharibika. Ipeleke kwenye mtandao ile iliyo nzuri tu.

Kama simu yenye intaneti ni moja katika kikundi, si kitu. Fungueni akaunti ya kikundi. Chagueni mtu wa kuitunza simu na mwingine wa kuandika matumizi ya bando. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Igiza unachokijua

Waigizaji wengi wapya huiga watu wa mjini. Wanaigiza matajiri wenye magari na majumba, wakati hawana gari wala jumba. Mtazamaji huona mara moja kwamba ni uongo.

Wewe igiza unachokijua. Igiza mnunuzi wa mazao anayechezea mizani. Igiza wakwe wanaobishana juu ya mahari. Igiza mzee anayejifunza kutumia simu kwa mjukuu wake. Mambo haya watu wa mjini wameyakumbuka, na watu wa nchi za nje hawajayaona. Hiyo ni mali yako.

Lakini usimdhalilishe mtu. Usipige video ya mgonjwa, mlemavu au mfiwa ili watu wacheke. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake. Ukitaka kumtumia mtoto, omba ruhusa ya wazazi wake, na asikose shule.

6. Fedha hupatikanaje?

Watu wengi hudhani kwamba ukiweka video, fedha huja zenyewe. Sivyo. Fedha huja kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kuajiriwa. Mtayarishaji anaona video yako, anakuita uigize katika filamu au tamthilia. Kwa mwigizaji hii ndiyo njia muhimu kuliko zote.

Njia ya pili ni kutangaza bidhaa. Mwenye duka au kampuni anakulipa uigize kichekesho kinachotaja bidhaa yake. Wakati mwingine hata duka la mbolea la tarafani laweza kuwa mteja wako wa kwanza.

Njia ya tatu ni kugawiwa fedha za matangazo na mtandao wenyewe. Hapo kuna masharti. Kwa mfano, YouTube hutaka akaunti iwe na watu 1,000 waliojiunga nayo. Pia hutaka video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12, au, kwa wanaoweka video fupi, ziwe zimetazamwa mara milioni 10 katika siku 90.

Hebu tupige hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anatazama dakika 2, video zako lazima zitazamwe mara 120,000 kwa mwaka. Hiyo ni mara 10,000 kila mwezi. Jambo hili linawezekana, lakini si kazi ya wiki moja. Kwa hiyo usiache kulima. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Jihadhari na matapeli

Ukianza kujulikana, utapokea ujumbe wa watu usiowajua. Wengine ni waajiri wa kweli. Wengine ni wezi. Utawatofautishaje?

Tuseme umepata ujumbe huu: "Dada, hongera. Umechaguliwa kuigiza katika filamu kubwa. Tuma shilingi 50,000 za fomu leo kabla ya saa kumi, nafasi ni chache." Tazama vizuri. Mtu huyu hajakuona ukiigiza mbele yake. Hajakueleza jina la filamu. Anakuharakisha. Tena anataka wewe umlipe. Mwajiri humlipa mfanyakazi, mfanyakazi hamlipi mwajiri. Huyo ni tapeli. Usitume hata senti. Ujumbe wa namna hiyo ukija kwa simu, upeleke kwenye namba 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli.

Tapeli mwingine hutaka akaunti yako. Atasema, "Nitumie namba zilizoingia kwenye simu yako ili nikuongezee wafuasi." Namba hizo ni ufunguo wa nyumba yako. Ukimpa, atakutoa nje na kuwatapeli wafuasi wako kwa jina lako. Usimpe mtu neno lako la siri. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akipata neno la siri bado ashindwe kuingia.

Usinunue wafuasi. Wafuasi wa kununua si watu wanaotazama kazi yako. Mwajiri akiona una wafuasi 20,000 na hakuna hata mmoja anayesema neno, atajua.

Kuna hatari nyingine ambayo watu huona haya kuitaja. Wapo wanaomwambia msichana au mvulana kwamba hapati nafasi ya kuigiza mpaka akubali kulala nao. Hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si bei ya kazi, na si aibu ya aliyeombwa. Aibu ni ya mwombaji. Tunza ujumbe wake, usiufute. Toa taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113, bila malipo. Ukiitwa kwa majaribio ya kuigiza, usiende peke yako. Nenda na ndugu au rafiki, na mwache mtu nyumbani akijua mahali ulipo. Usikubali majaribio yafanyike chumbani katika nyumba ya wageni.

8. Soma kabla ya kutia sahihi

Hapa ndipo kujua kusoma kunapoleta faida kubwa. Umaarufu bila mkataba mzuri hauleti ugali mezani. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mikataba ya mchekeshaji King Majuto ilikuwa miongoni mwa ile iliyozungumzwa. Watu walimjua kila pembe ya nchi, na sura yake ilitumika katika matangazo. Alifariki Agosti mwaka huohuo.

Kwa hiyo ukipewa mkataba, usitie sahihi siku hiyohiyo. Omba uende nao nyumbani. Usome polepole, neno kwa neno. Tafuta majibu ya maswali haya:

a) Nitafanya kazi gani, na kwa siku ngapi?
b) Nitalipwa kiasi gani, na lini?
c) Nani atalipa nauli, chakula na malazi?
d) Video hiyo itaonyeshwa wapi, na kwa muda gani?
e) Wakiendelea kuitumia baada ya muda huo, nitalipwa tena?
f) Nikiumia kazini, nani atanitibu?
g) Je, mkataba unanizuia kufanya kazi na watu wengine?

Kama jibu moja halimo, omba liandikwe. Maneno ya mdomo husahaulika. Kama mkataba ni wa Kiingereza na hukijui, omba wa Kiswahili au tafuta mtu unayemwamini akusomee. Ukitia sahihi, baki na nakala yako. Ukilipwa, andika tarehe na kiasi katika daftari.

9. Sheria unazopaswa kuzijua

Kazi uliyobuni ni mali yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi na pia mwigizaji. Ofisi inayoshughulikia jambo hilo huitwa COSOTA. Vivyo hivyo, kazi ya mwenzako ni mali yake. Ukitia wimbo wa mtu katika mchezo wako bila ruhusa, mtandao unaweza kuiondoa video yako au kuinyamazisha.

Bodi ya Filamu husimamia filamu na michezo ya kuigiza chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Mambo yanayowekwa mtandaoni husimamiwa na TCRA. Kazi nyingine huhitaji kibali au leseni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu, pamoja na mengine, anayesambaza habari za uongo na anayejifanya mtu mwingine mtandaoni. Kabla ya kuanza kuuza filamu au kuendesha akaunti yenu kama biashara, mwoneni Afisa Utamaduni wa wilaya. Atawaelekeza mnapopaswa kwenda.

10. Neno la mwisho

Ndugu msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini kizuri kilichofungiwa ndani nani atakiona? Mitandao ya kijamii hukitoa nje. Haimpi mtu kipaji, wala haifanyi mazoezi badala yake. Kazi ya kujifunza inabaki kuwa yako. Lakini jina lako na akaunti yako ni mali kama shamba. Anayelima shamba huliwekea mipaka na kulilinda. Nawe fanya hivyo.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kijiji chenu ni nani wenye kipaji cha kuigiza? Je, wamejulikana nje ya kijiji?
2. Taja mambo manne yanayoonyesha kwamba ujumbe wa shilingi 50,000 ni wa tapeli.
3. Kwa nini si vizuri kununua wafuasi?
4. Binti akiombwa rushwa ya ngono, wazazi na majirani wamsaidieje?
5. Kama kila mtazamaji anatazama dakika 4, video zitazamwe mara ngapi ili kufikia saa 4,000?

Zoezi la kikundi

Gawanyikeni watu watano watano. Tungeni mchezo wa dakika mbili juu ya jambo moja la kijijini kwenu. Fanyeni mazoezi mara tatu. Kisha mmoja aandike mkataba mfupi kati ya kikundi na mwenye duka anayetaka mchezo huo utangaze bidhaa zake. Usomeni mkataba kwa sauti mbele ya darasa. Wenzenu wauchunguze, waseme ni jambo gani limesahauliwa.